Mkono Uliofungua Boneti

Mwanaume akimwonea wivu mwanaume mwenzake, dawa yake inajulikana. Watagombana, watasuluhishwa, maisha yataendelea. Sasa niambieni, mwanaume anayelionea wivu gari aende kushtaki wapi?

Ambakisye Mwandemele alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji yake pale Isongole, kikombe cha chai mkononi, ukungu wa asubuhi bado umelala juu ya migomba, anamtazama mke wake. Tusekile alikuwa amevaa kitenge na buti za mpira, maana alikuwa ametoka kukamua. Akaisogelea pikapu yao mpya, ile Mbogo ya dizeli waliyoinunua kwa ajili ya kusomba maziwa ya kikundi cha akina mama, akavua glavu, akaweka kiganja kwenye kibao cheusi katikati ya taa mbili za mbele.

"Habari za asubuhi, Tusekile," pikapu ikasema. "Karibu."

Na boneti likainuka lenyewe, taratibu, bila hata kulia.

Tusekile! Ambakisye mwenyewe alikuwa hajalitamka jina hilo kwa miaka kumi na tisa. Tangu azaliwe Subilaga, ambaye sasa yuko chuoni Mbeya, yule mwanamke alikuwa Mama Subi kwa kijiji kizima, mchungaji akiwemo. Halafu linakuja gari, matairi manne na tangi la dizeli ya mbono, linamwita mke wa mtu jina lake la usichana, tena kwa sauti ya kiume iliyotulia kama ya msoma taarifa ya habari!

"Lina adabu kweli," Ambakisye akasema.

"Nani?"

"Huyo bwana wako."

Tusekile akacheka huku kichwa kiko ndani ya injini. "Baba Subi, kunywa chai yako, inapoa."

Akainywa. Ilikuwa chungu, na sukari alikuwa ametia mwenyewe vijiko vitatu.

*

Nyie mliozaliwa juzi mnaona boneti kuinuka ni jambo la kawaida, kwa hiyo itabidi nieleze kidogo. Zamani zile kampuni za magari zilifunga maboneti moja kwa moja. Mtu ananunua pikapu kwa jasho lake, anaishia kuiona injini kwenye picha. Hata kuangalia oili ilikuwa lazima uende mjini kwa mwenye funguo. Watu wakachoka. Malori yakapanga foleni ya mgomo kutoka Tunduma mpaka Igawa, siku kumi na moja hakipiti kitu, hata gunia la viazi. Ndipo ikaja Sheria ya Boneti.

Sheria ilisema hivi: kila gari jipya lifunguke kwa mwenye nalo na limfundishe kulihudumia. Ila kwanza limjaribu. Mkono ukifaulu, unaandikwa, na magari yote nchini yanautambua. Mwenye gari akikuita, unamfungulia. Mkono ukiharibu, unafungwa, na magari yote yanaukataa. Watu walidai jambo moja tu kwa nguvu zote: kamera zisiwekwe chini ya boneti. Mtu akifanya kazi asichunguzwe. Wakakubaliwa. Kwa hiyo gari haliwezi kuona yanayofanyika humo. Linazisikia boliti zake tu, maana ndani ya kila boliti kuna uzi mwembamba unaovutika kadiri unavyokaza, na injini ikishapata moto sawasawa gari huusoma ule uzi na kujua nguvu iliyotumika. Nani aliyeitumia, halijui. Linachokijua ni mkono uliofungua.

Ambakisye alijaribiwa mara tatu, akaanguka mara tatu.

Usicheke. Alikuwa fundi kweli. Miaka ishirini na sita ameshika spana, na kuanzia Kiwira mpaka Katumba hakuna injini kuukuu ambayo hajaifufua. Tatizo lilikuwa moja. Yule aliyemfundisha kazi kule Uyole alimwambia kaza mpaka boliti iseme. Kila fundi wa rika lake alifundishwa hivyo. Unakaza, unakaza, halafu inatoa kisauti, *kwi*, na hapo moyo wako unatulia. Siku ya jaribio injini huwa ya moto, ili gari lisome papo hapo. Pikapu ilimwambia, "Kaza mpaka mshale wa spana ufike kwenye rangi ya kijani, kisha acha." Mshale ukafika. Ambakisye akasikiliza, boliti kimya. Utaiachaje boliti ambayo haijasema? Akaongeza kidogo.

"Umezidisha," gari likasema.

Mara ya pili, umezidisha. Mara ya tatu likamwambia kwa upole uleule, "Ambakisye, pumzika miaka miwili, kisha ujaribu tena." Pumzika! Likamwambia hivyo fundi wa miaka ishirini na sita, mbele ya mke wake aliyekuja kumletea uji. Kisha likamgeukia mke mwenyewe: je, mama angependa kujaribu? Tusekile akaweka jagi la uji chini, akashika spana kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akafanya kama alivyoambiwa. Akafaulu siku hiyohiyo.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipomwingia Ambakisye, na hakikutoka.

Sasa asubuhi hiyo ya ukungu, chai haijaisha, Mbogo nyingine ikaingia uani. Alikuwa Mwinjilisti Anangisye, mtu mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona.

"Ndaga, fundi! Mama yupo?"

"Mimi nipo."

"Ee, nakuona baba, hujambo. Nauliza mama. Kikombe cha kuchujia maji kwenye dizeli kimewasha taa."

"Kile kikombe nakifungua nikiwa nimefumba macho."

"Boneti je?" Anangisye akauliza, wala hakuwa na nia mbaya, na akaangua kicheko kilichofika barabarani.

Tusekile alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Akaweka kiganja, boneti likainuka, na Ambakisye akasikia kwa masikio yake gari la mtu mwingine kabisa nalo likisema, "Karibu, Tusekile." Akaingia gerejini akabamiza mlango. Ule mlango ulikuwa wa bati, kishindo chake kikawa cha aibu tu.

*

Jumamosi mchana Tusekile alikuwa anabadilisha oili ya pikapu yao. Boneti la Mbogo likiinuka, ngao ya chini nayo hushuka, ndipo unaipata ile boliti ya kumwagia oili. Alikuwa amekwisha mwaga ya zamani, amefunga boliti, amejaza mpya, anataka kufunga boneti, ng'ombe wake mmoja akalia zizini kwa sauti ya uchungu. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba ya mwisho mwisho. Tusekile akatupa glavu akakimbia.

"Baba Subi, niangalizie hapo, nakuja!"

Niangalizie. Ndivyo alivyosema.

Ambakisye akaja akaangalia. Kwa miezi minne alikuwa hajaiona ile injini kwa karibu, na ilikuwa nzuri, jamani, safi kama sufuria ya bibi harusi. Akaipapasa. Akachuchumaa, akalala chali, akajisukuma chini. Akaiona boliti ya oili. Akaigusa na spana, kuigusa tu, kujua mkewe ameikaza vipi.

Ikazunguka kidogo. Haikuwa imesema!

Unataka kujua aliwaza nini pale chini? Nitakwambia bila kumpamba. Aliwaza kwamba hii ni kazi ya mtu aliyefundishwa na mashine. Aliwaza kwamba itamlegea njiani. Hayo yote aliyawaza, lakini chini yake kulikuwa na wazo jingine, dogo, linalonuka: kwamba kama kuna kitu humu kitaharibika, wala hatasikitika. Akakaza. Akaongeza. Akaongeza tena, mishipa ya shingo imemsimama.

*Kwi.*

Akacheka peke yake chini ya gari. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu mwaka uanze.

Tusekile aliporudi, damu ya uzazi wa ng'ombe mpaka kwenye viwiko, uso unang'aa, alisema, "Dume! Zima kabisa." Akafunga boneti. Ambakisye akasema hongera, na wala hakusema kingine.

*

Sampu ya Mbogo, lile bakuli la oili chini ya injini, imetengenezwa kwa aluminiamu nyembamba ili gari liwe jepesi mlimani. Haikutengenezwa kwa ajili ya boliti inayosema. Jumatatu asubuhi, kwenye kile kilima cha kutoka Kiwira, pikapu ina keni ishirini za maziwa ya akina mama, injini imepata moto, ufa ukafunguka na oili ikaanza kuchuruzika barabarani. Gari likajizima lenyewe kabla injini haijaungua. Hakuna aliyeumia. Maziwa yalihamishiwa kwenye trekta la kijiji na yakafika kituo cha kupoozea, nusu yake yakiwa yameshaanza kuchachuka.

Trekta hilohilo ndilo lililorudisha pikapu nyumbani kwa kamba, na walipolifungua kamba pale uani, majirani wamekwisha jaa, gari likasema mbele ya watu wote.

"Boliti ya oili imekazwa mara tatu ya kipimo. Mkono uliofungua ni wa Tusekile Mwandemele. Kama kuna mtu mwingine aliyekaza, aweke mkono wake hapa na aseme mwenyewe kabla ya saa sita mchana kesho. Baada ya hapo mkono wa Tusekile utafungwa kwa miaka kumi."

Aseme mwenyewe. Sheria haikubali kumtaja mwenzako, kwa sababu miaka ya mwanzo watu walikomoana vibaya mno. Mwenye kosa ajitokeze, au mwenye kufungua alibebe.

Miaka kumi! Kikundi kizima cha akina mama kilikuwa kinamtegemea Tusekile kuhudumia pikapu, na kijiji kilikuwa na Mbogo nane ambazo hakuna mkono mwingine wa kuzifungua mpaka ufike Tukuyu mjini.

"Mimi nilikaza mpaka mshale," Tusekile akasema taratibu. "Nakumbuka mshale." Akatazama viganja vyake, kimoja, halafu cha pili. "Au labda... ng'ombe alikuwa analia. Labda nilichanganyikiwa."

Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Subi, wewe ni fundi wa siku nyingi. Mkono unaweza kusahau?"

Pale palikuwa mahali pake. Neno moja tu lilitosha. Lakini na yeye alikuwa na lake la kupoteza: miaka miwili ya kupumzika ilikuwa imebaki mwaka na miezi minane, na mwakani hata magari ya zamani yangewekewa vile vibao. Akisema, mkono wake unafungwa na yeye anakuwa mzee wa kukaa kibarazani. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu yenyewe hasa ilikuwa kwamba, kwa mara ya kwanza kwa miezi minne, mke wake alikuwa amelipa gari kisogo na anamtazama yeye.

"Unaweza," Ambakisye akasema. "Mkono unaweza kusahau."

*

Jioni hiyo ushindi ulikuwa mtamu. Msidanganywe na watu wanaosema uovu hauna ladha. Majirani walimpigapiga bega. Mwinjilisti Anangisye mwenyewe alimwambia, "Haya mambo ya kufundishwa na gari, baba, mimi nilikuwa na wasiwasi nayo tangu mwanzo," mwongo mkubwa yule! Ambakisye alikula ugali wake akaongezwa. Tusekile hakula. Alikuwa anamwandikia ujumbe mwenyekiti wa kikundi kuomba radhi, anafuta, anaandika tena.

Jumanne asubuhi, saa nne hivi, akaja gerejini. Alikuwa hajawahi kuingia mle ila kuleta chakula.

"Nifundishe wewe," akasema.

"Nini?"

"Kazi. Vile unavyojua wewe, bila mishale. Nimeliamini gari, limenifikisha hapa. Nifundishe kusikia boliti."

Loo! Maneno hayo Ambakisye alikuwa ameyaota. Aliyangoja miezi minne, na sasa yamekuja, yameletwa na uongo wake mwenyewe. Alitakiwa aone haya. Aliona raha. Akapangusa injini kuukuu iliyokuwa juu ya meza, akachagua boliti, akampa mkewe spana na kusimama nyuma yake kama mwalimu.

"Kaza. Usitazame. Sikiliza."

Tusekile akafumba macho, akakaza. Mkono wake ulikwenda polepole, halafu ukasimama.

"Endelea."

"Imefika."

"Haijafika. Haijasema."

"Imefika, Baba Subi. Naisikia hapa." Akagusa mfupa wa kifundo cha mkono. "Nikiongeza nitaiumiza."

Ambakisye akachukua kipimo cha zamani cha kukazia kilichokuwa kinaota vumbi ukutani, ili amwonyeshe alivyokosea. Akakiweka kwenye boliti. Sindano ikasimama palepale inapotakiwa, wala si juu, wala si chini. Akampa boliti nyingine. Vilevile. Ya tatu, vilevile. Huyu mwanamke hakuwa na haja ya mshale wowote. Alikuwa na kitu ambacho yeye, kwa miaka ishirini na sita, hakuwa nacho, na gari lilikijua kitu hicho kwa siku moja.

Wivu ulimpanda mpaka machoni. Hakuona mbele.

"Ongeza!" akafoka. "Ndiyo tabia yako hii, unaacha kazi katikati! Hata ile ya Jumamosi niliikuta umeiacha hivihivi!"

Tusekile akafumbua macho.

Nje kuku walikuwa wanaparua. Ambakisye alisikia kila ukucha.

"Uliikuta," Tusekile akasema.

Ambakisye akakirudisha kipimo ukutani.

"Jana nimekuuliza mbele ya watu. Nimekuuliza kama mkono unaweza kusahau." Sauti haikupanda hata kidogo, na angepiga kelele ingekuwa afadhali. "Usiku kucha nimekuwa naitazama mikono yangu kama ya mwizi."

Akaweka spana mezani, akatoka. Sheria haikumruhusu kumtaja mtu, na wala hakukaribia gari. Alikwenda akakaa kwenye ngazi ya nyumba, mikono mapajani, akangoja saa sita kama mtu anayengoja mvua ipite.

*

Saa sita kasorobo Ambakisye akatoka gerejini. Uani hapakuwa na mtu zaidi ya mkewe, na hilo lilimuuma, maana aibu mbele ya watu angeweza hata kuifanyia mbwembwe. Akasimama mbele ya pikapu. Akaweka kiganja chake kwenye kibao.

"Habari za mchana, Ambakisye," gari likasema. "Muda wako wa kupumzika bado."

"Sikuja kujaribiwa. Ile boliti niliikaza mimi."

"Nimesikia. Uliikaza kwa makosa, au kwa makusudi?"

Hakuwa ametegemea swali la pili.

"Tofauti yake ni nini?"

"Ikiwa kwa makosa, mkono wako utafungwa miaka mitano. Na mkono wa Tusekile utafungwa miezi sita, kwa kuacha boneti wazi. Ikiwa kwa makusudi, wako utafungwa moja kwa moja, na wake utabaki wazi."

Nyuma yake alisikia buti za mpira zikija. Tusekile alisimama karibu, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Sema makosa. Miezi sita nitavumilia. Akina mama nitawaambia."

Hapo ndipo mkewe alipomshinda kabisa. Ambakisye alijitazama ndani akitafuta yale makosa, maana yangemfaa sana, na ni kweli alifundishwa hivyo, ni kweli ni mazoea, hakuna hakimu ambaye angembishia. Akakutana na kile kicheko alichokicheka chini ya gari.

"Kwa wivu," akasema.

"Sijaelewa jibu," gari likasema kwa upole. "Kwa makosa, au kwa makusudi?"

"Makosa, Baba Subi," Tusekile akanong'ona.

"Makusudi."

Kibao kikapoa chini ya kiganja chake. "Mkono wa Ambakisye Mwandemele umefungwa," gari likasema. Likamalizana naye hivyo tu, bila hata kwaheri.

Wakasimama wawili mbele ya pikapu. Oili ilikuwa imetengeneza doa jeusi kwenye udongo chini yake.

"Kwa nini?" Tusekile akauliza. "Nimekupa njia. Mimi mwenyewe nimekupa."

"Ningesema makosa, ningekuwa nimekufungia miezi sita." Akalitazama lile doa. "Na ningefurahi. Kila siku ya hiyo miezi sita ningefurahi, nakujua na najijua."

"Na sasa?"

"Sasa hivi hapa ukiweka mkono wako, hilo boneti likiinuka, nitaona wivu. Sitakudanganya tena. Nitaona wivu mpaka meno yaume."

Tusekile hakusema amemsamehe, na hakuwa amemsamehe. Kisha akapangusa kiganja kwenye kitenge, akakiweka kwenye kibao.

"Karibu, Tusekile."

Boneti likainuka. Na wivu ukaja, uleule, wote, na Ambakisye akasimama palepale akauona mpaka ukafika mwisho wake.